Uzio Ulioanguka Kati ya Viwanja Viwili: Namna ya Kujua Nani Anawajibika

Uzio wa bustani unapoanguka kati ya viwanja viwili, mazungumzo ya kwanza huwa juu ya pesa, na hapo ndipo ugomvi huanzia, kwa sababu swali la nani alipe haliwezi kujibiwa kabla ya mengine matatu: mpaka unapita wapi, uzio ni wa nani, na ni kitu gani kilichouharibu. Kila moja ya maswali hayo lina ushahidi wake. Mtu anaweza kuwa mwenye uzio na asiwe na kosa lolote; mwingine anaweza kuwa hana hata tofali moja ndani yake na bado akawajibika kuujenga upya. Maelezo haya yanahusu zaidi Tanzania Bara, na yanagusa Kenya pale ambapo sheria yake inasema jambo la kuzingatiwa.

Kabla fundi hajagusa kitu

Ikiwa sehemu ya ukuta bado imesimama lakini imeinama, waondoe watoto na mifugo karibu nayo, ufunge kamba ya kuzuia njia pande zote mbili, kisha umjulishe jirani siku hiyo hiyo hata kama hamsalimiani. Ukuta wa tofali wa kimo cha mita mbili ni mzito kuliko unavyoonekana, na ukuta uliokwisha kupasuka unaweza kuanguka siku kadhaa baada ya mvua kukatika, udongo wa chini unapokuwa bado umelowa.

Baada ya usalama, acha kifusi kilale kilipo. Watu wengi hufanya haraka ya kusafisha ili mboga zisiharibike zaidi, na kufikia jioni ushahidi wote umekwisha kupelekwa dampo kwa toroli. Piga picha kutoka pande zote mbili za mpaka: za mbali zinazoonyesha nyumba na miti ili mahali patambulike, na za karibu zinazoonyesha mavunjiko, ukiweka futikamba ndani ya picha ili ukubwa usibishaniwe baadaye. Andika tarehe, saa, hali ya hewa, na majina ya waliokuwepo. Ni vizuri zaidi ukimwita jirani mtazame pamoja, kwa maneno mepesi kama, “Mama Neema, habari za asubuhi, naomba tuje tuutazame ukuta wetu kabla fundi hajagusa kitu,” kwa kuwa kitu kilichotazamwa na watu wawili kwa wakati mmoja ni vigumu kukikana.

Mahali palipovunjika panahitaji jicho la subira. Nguzo ya mti iliyokatika usawa wa ardhi, ikiwa na njia za mchwa ndani na nyuzi zinazosagika kwa vidole, ilikuwa imekwisha kufa kabla ya mbuzi wa jirani kuiegemea. Nguzo iliyochanika katikati, ikionyesha mti mweupe mkavu usio na kuoza, iligongwa au ilivutwa kwa nguvu. Waya wa seng'enge uliokatika kwa kutu huwa na ncha nyembamba ya rangi ya kahawia, ilhali uliokatwa kwa koleo hubaki na ncha butu inayong'aa. Kwenye ukuta wa tofali, ingiza ncha ya kisu kwenye ufa: ufa wa zamani una vumbi, utando wa buibui, ukijani wa unyevu, na pengine hata chokaa iliyopakwa mwaka mwingine, ufa mpya una kingo kali na rangi safi ya saruji. Tazama pia ukuta umeangukia upande gani, na kama kuna mstari wa unyevu unaoonyesha udongo au maji yalifika kozi (yaani mstari wa tofali) ya ngapi kutoka chini. Mambo hayo yaandike yote, hata yale yanayokuumiza mwenyewe, kwa sababu jirani naye atayaona.

Mpaka kwanza, uzio baadaye

Uzio si mpaka. Mafundi hujenga pale walipoonyeshwa, na aliyeonyesha huenda alikuwa mlinzi wa kiwanja au dalali. Kwa kiwanja kilichopimwa, mpaka ni mstari unaounganisha bikoni, yaani mawe ya alama yaliyowekwa na mpima ardhi kwenye pembe za kiwanja, na mchoro unaoambatana na hati huonyesha namba za bikoni hizo na umbali kati yake. Zitafuteni bikoni mkiwa wawili, kwa kuwa mara nyingi zimefukiwa na udongo au zimezingirwa na majani, na mkizipata vuteni kamba kutoka moja hadi nyingine. Kama moja haionekani au mnashuku imehamishwa, msibahatishe: muiteni mpima ardhi wa halmashauri au wa binafsi aliyesajiliwa, mkikubaliana mapema kugawana gharama yake, na matokeo yake myachukue kuwa ya wote. Kung'oa au kuhamisha bikoni ni kosa la jinai, na mtu anayeanza kudai haki ya uzio kwa kusogeza jiwe amejiharibia kesi yake yote.

Katika maeneo ambayo hayajapimwa, ushahidi wa mpaka umo katika mkataba wa mauziano, hasa ule ulioshuhudiwa na serikali ya mtaa na kutiwa sahihi na majirani wa pande zote, na pia umo katika mimea. Minyaa, michongoma na mibono imepandwa mipakani kwa vizazi vingi. Kule Kilimanjaro mmea wa masale ndio alama ya mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, na kwa kuwa jani lake ndilo pia hupelekwa kuombea msamaha, mtu anayeling'oa huhesabiwa amefanya mabaya mawili kwa mkupuo. Mwiteni mzee aliyekuwapo mimea hiyo ilipopandwa, naye aonyeshe kwa mguu wake, huku mwenyekiti wa mtaa akiandika. (Anayelazimika kukata minyaa iliyoangukia kwake alinde macho, maana utomvu wake huunguza vibaya.)

Mpaka ukishajulikana, uzio utakuwa katika moja ya nafasi tatu. Ukiwa wote ndani ya kiwanja cha mmoja, ni wa huyo, hata kama wa pili ndiye anayetundikia nguo. Ukiwa juu ya mstari wenyewe na ulijengwa kwa kuchangiana, ni wa wote wawili, na kuutunza ni kwa wote wawili kwa kiwango walichokubaliana au kwa nusu kwa nusu. Nafasi ya tatu ndiyo yenye maumivu: aliyeujenga alivuka mpaka. Sheria ya Ardhi ya 1999 huhesabu majengo yaliyoshikamana na ardhi kwa kudumu kuwa sehemu ya ardhi hiyo, kwa hiyo aliyejenga ukuta ndani ya kiwanja cha mwenzake hana msingi imara wa kusema “ukuta wangu umevunjwa”, na huenda akajikuta yeye ndiye anayedaiwa. Mtu anayegundua hivyo baada ya kupima afadhali aache suala la tofali na azungumzie suala la ardhi kwa utulivu.

Ushahidi wa nani alijenga ni risiti za saruji na tofali, kibali cha ujenzi kutoka halmashauri kama kilichukuliwa, picha za zamani, na kumbukumbu za nani amekuwa akiufanyia ukarabati. Upande zilipo nguzo za ukuta watu huupa uzito mkubwa mno. Fundi huweka nguzo upande alioweza kusimama na kuchanganyia zege, na hilo halithibitishi umiliki. Vilevile, kwa kanuni za jumla, hakuna anayelazimika kumjengea jirani uzio, isipokuwa kama masharti ya hati, mkataba au amri ya mamlaka yanasema hivyo. Anayefuga ana wajibu wa kuzuia mifugo yake isiharibu vya watu, lakini huo ni wajibu juu ya mifugo, na anaweza kuutimiza hata kwa banda.

Kenya imeenda mbele zaidi katika hili. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kinamtaka kila mmiliki atunze nyuzio, kuta, nguzo na mawe yanayoonyesha mipaka yake, na kinampa Msajili wa Ardhi mamlaka ya kuamuru ni yupi kati ya wanaopakana atakayebeba jukumu la kutunza alama ya mpaka wa pamoja. Mmiliki wa Kenya ambaye jirani yake ameacha ua wa pamoja uoze ana mahali pa kuuliza hata kabla haujaanguka.

Ni nini kilichouangusha

Kanuni yenyewe ni fupi: mwenye uzio hubeba gharama za uchakavu, na aliyesababisha uharibifu kwa kutenda au kwa kuzembea hubeba gharama za uharibifu huo. Ugumu uko katika kutenganisha hayo mawili, kwa kuwa uzio mwingi huangushwa na vyote kwa pamoja.

Mvua za masika, kati ya Machi na Mei, ndizo zinazosingiziwa zaidi. “Ni kazi ya Mungu” ni jibu linalotosha pale tu ambapo mvua peke yake ndiyo iliyoleta anguko na hakuna mtu aliyepaswa kulizuia. Kama ukuta ulikuwa umeinama tangu vuli, jirani akaambiwa, akanyamaza, kisha ukaangukia bustani yako ya mchicha, hapo hakuna tena kazi ya Mungu. Kuna hatari iliyojulikana na mwenye nayo hakuiondoa. Kwa sababu hiyo ujumbe wa simu wa mwezi Desemba unaosema “Baba Asha, ukuta wako umeinama kwangu, naomba uuangalie” una thamani kubwa kuliko ushahidi wowote utakaotafutwa Aprili. Kwa upande mwingine, ukuta uliojengwa vizuri, usio na dalili yoyote, ukabebwa na mafuriko yaliyobeba na daraja la barabarani, ni hasara ya mwenye ukuta, na jirani aliyepoteza mboga naye hubeba hasara ya mboga zake.

Maji yenyewe yanahitaji kufuatwa hadi yalikotoka. Maji yanayoteremka yenyewe kwa mwinuko wa asili kutoka kiwanja cha juu hayamfanyi wa juu kuwa mkosaji. Akiyakusanya kwa bomba la paa, kwa mfereji au kwa kusakafia uwanja wote, kisha akayaelekeza kwenye msingi wa ukuta wa jirani, amebadili hali ya asili na anawajibika kwa matokeo. Njia rahisi ya kujua ni kusimama pale mvua inaponyesha tena, au kumwaga ndoo kadhaa za maji mahali bomba linapotoa, na kutazama yanakoelekea.

Kosa jingine ninaloliona kuwa la kawaida kuliko watu wanavyokiri ni kulundika udongo, mchanga wa ujenzi au kifusi kwenye ukuta. Ukuta wa uzio hujengwa usimame peke yake. Haukujengwa uzuie udongo. Jirani anayeinua bustani yake kwa kujaza udongo hadi kozi ya nne ameugeuza kuwa ukuta wa kuzuia udongo bila nondo, bila matundu ya kupitishia maji, na bila msingi wa kazi hiyo. Mvua ikinyesha, udongo huo hulowa na kuwa mzito, ukuta huvimba katikati kuelekea upande mtupu, kisha huanguka upande huo huo. Ukikuta udongo umelala upande mmoja na tofali zimelala upande wa pili, huku mstari wa unyevu ukiwa sawa na kimo cha udongo, chanzo kimejieleza, na mwenye bustani iliyoinuliwa hana pa kujificha, hata kama yeye ndiye aliyepoteza miche.

Mizizi na matawi hufuata mantiki hiyo hiyo. Mwembe uliosukuma msingi taratibu kwa miaka ni wajibu wa mwenye mwembe, hasa kama alikwisha kuambiwa. Unaruhusiwa kukata tawi au mzizi ulioingia kwako hadi kwenye mstari wa mpaka, lakini si kuvuka, na ni uungwana kumtaarifu mwenzako kwanza, tena ni busara, kwa kuwa ukikata mizizi upande mmoja na mti ukaangukia uzio, swali litakugeukia wewe. Gari likigonga uzio likirudi nyuma, dereva ndiye wa kuulizwa: chukua namba ya gari, taarifa ya polisi wa usalama barabarani, na nakala ya bima, kisha someni pamoja kama bima hiyo inafidia mali ya watu wengine na kwa kiwango gani. Fundi aliyejenga ukuta bila msingi wa kutosha anaweza kuulizwa na aliyempa kazi. Jirani yeye humuuliza mwenye ukuta.

Kama uharibifu ni wa makusudi, mathalani mtu amekata waya usiku au amebomoa ukuta kwa hasira, jambo hilo limeingia kwenye Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ambayo kifungu chake cha 326 hushughulikia kuharibu mali kwa makusudi. Nenda polisi ukiwa na picha na mashahidi, usiende kulipiza.

Hesabu ya fidia

Aliyeharibu anawajibika kurudisha uzio katika hali uliyokuwa nayo, si kukupatia uzio ulioutamani. Sema kipande kilichoanguka kina urefu wa mita 6 na kimo cha mita 2, yaani mita za mraba 12. Kwa tofali za kawaida za saruji, mita moja ya mraba hula tofali zipatazo 10 ukihesabu na zitakazovunjika, kwa hiyo kazi inahitaji tofali 120 hivi. Ondoeni kwanza tofali nzima zinazoweza kusafishwa na kutumika tena, halafu ongezeni saruji, mchanga, maji, usafiri, ubebaji wa kifusi na ujira wa fundi na msaidizi wake. Chukueni makadirio ya mafundi wawili, mmoja akiletwa na kila upande. Ikiwa ukuta wa zamani ulikuwa wa tofali za inchi 5 bila nguzo, na mwenye nao sasa anataka inchi 6 wenye nguzo za zege na nyaya juu, tofauti hiyo ni yake. Uzio uliokwisha kuchakaa nao haulipwi kama mpya: kwa nguzo zilizoliwa na mchwa, aliyezigonga anaweza kwa haki kuomba achangie sehemu tu. Hakuna kanuni ya asilimia hapa. Mara nyingi nusu au theluthi hukubalika, kutegemea ushahidi wa mavunjiko mliouona siku ya kwanza. Mazao yaliyoharibika huhesabiwa kwa bei ya soko ya siku hiyo, si kwa mavuno yaliyotarajiwa msimu mzima.

Zungumza na mtu mwenye uwezo wa kuamua. Mpangaji hawezi kukubali ukuta ujengwe juu ya mpaka, ingawa anaweza kuwajibika kwa alichovunja mwenyewe. Nyumba ya urithi ambayo haijagawanywa ina msimamizi wa mirathi, naye ndiye wa kutia sahihi, hata kama shangazi anayeishi humo ndiye mwenye sauti.

Kuandikiana

Mkikubaliana, andikeni siku hiyo hiyo. Karatasi moja inatosha, ikieleza mpaka uko wapi, uzio ni wa nani, nini kilitokea, nani atalipa kiasi gani na kufikia lini, ukuta utajengwa kwa kimo na tofali gani, na nani atautunza baadaye. Itiwe sahihi na pande zote na mashahidi wawili, ikiwezekana mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na kila mmoja abaki na nakala. Faida ya karatasi hiyo haiishii kwenye kumbukumbu. Jirani akishindwa kulipa alichoahidi, dai lako linakuwa la deni linalotokana na makubaliano, ambalo ni rahisi zaidi kulithibitisha, hata katika Mahakama ya Mwanzo, kuliko kuanza upya kueleza mwelekeo wa maji na umri wa ufa.

Msipokubaliana

Anzia kwa barua fupi yenye adabu, ukieleza dai, ukiambatisha picha na makadirio, na ukitoa muda wa kujibu, mathalani siku 14. Mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji anaweza kuwakalisha pamoja, na mara nyingi uwepo wake pekee hupunguza sauti. Ikishindikana, njia hugawanyika kulingana na mnachogombania.

Kama mnabishania mpaka au umiliki wa ardhi uliposimama uzio, huo ni mgogoro wa ardhi. Unaanza katika Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya sheria ya 2021 halitoi tena hukumu bali husuluhisha, likiwa na wajumbe watatu ambao angalau mmoja wao ni mwanamke. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halitasikiliza shauri lenu bila uthibitisho wa Baraza la Kata kwamba usuluhishi umeshindikana, isipokuwa siku 30 zimepita tangu lipelekwe huko bila kumalizwa. Omba uthibitisho huo kwa maandishi, na usiondoke ofisini ukiwa na ahadi tu. Kama mpaka haubishaniwi na unachodai ni fidia ya uharibifu peke yake, masjala ya mahakama iliyo karibu nawe itakueleza ni ngazi ipi inayopokea dai la aina na thamani hiyo. Kenya, mahakama haisikilizi ubishi wa mpaka wa ardhi iliyosajiliwa kabla Msajili wa Ardhi hajauamua, ilhali dai la fidia lisilozidi shilingi 1,000,000 za Kenya linaweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo, ambayo sheria yake inaitaka imalize shauri ndani ya siku 60 tangu lifunguliwe.

Muda nao una mipaka. Tanzania, kwa Sheria ya Ukomo, dai la fidia ya uharibifu wa aina hii hufunguliwa ndani ya miaka 3, na dai la kurudishiwa ardhi ndani ya miaka 12; Kenya ina vipindi hivyo hivyo. Mtu aliyeuacha uzio wa jirani ukae ndani ya kiwanja chake mwaka baada ya mwaka kwa sababu ya kuona haya anapaswa kujua kwamba miaka hiyo inahesabika, na barua moja ya kupinga, hata kama haisimamishi hesabu hiyo, itamwonyesha jirani na yeyote atakayekuja kuamua kwamba ukimya wake haukuwa ridhaa.